Mbele ya kukamata panga: mmea unakulia wapi?



Mwezi uliopita tulipanda kilima kimoja katika teritware ya Kalehe kuangalia migomba ya wanachama. Kwenye nyumba ya mwisho kulikuwa mama mmoja anatungojea mlangoni, mikono kiunoni. Hakutusalimia kama siku zote. Alitupeleka nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zamani shamba la migomba lililojaa, na leo pana muhogo mwembamba na majani ya bule.

"Ni nyinyi muliniambia," akasema. "Muliniambia wilti ikionekana kwa shina moja, ning'oe familia nzima: mama, mtoto na mjukuu. Nikang'oa. Jembe lilivunjika mara mbili. Sasa jirani yangu hapa chini alikata tu yale mashina yenye ugonjwa, na leo anakunywa kasiksi ya shamba lake. Mimi, minervali ya watoto itatoka wapi?"

Hatukuwa na jibu zuri la kumpa. Miaka ile agizo lilikuwa lile kweli: ng'oa shina pamoja na wote walioungana nalo chini ya udongo, kata vipande, fukia. Tulilitoa agizo hilo vilima kwa vilima. Walimaji wengi waliona kazi ni nzito kuliko nguvu zao, wakaacha ugonjwa uendelee. Wachache walitii, na waliotii walibaki na uwanja mtupu. Baadaye njia nyingine ilijaribiwa, huku kwetu Kivu pia, ya kukata tu shina lililougua na kurudi kuangalia kila juma. Ilionekana kwamba shamba linaweza kurudia uzima bila kung'olewa lote. Mama yule alikuwa na haki ya kukasirika, na tulimwambia hivyo.

Lakini baada ya kukasirika aliuliza swali. "Juu ya nini kukata kunatosha? Mgomba ukikatwa si unaota tena?" Hapo tukaona kosa letu kubwa zaidi. Kwa miaka yote tulikuja na maagizo, kata hapa, usikate pale, na hatukueleza hata siku moja mmea unakulia wapi. Basi tulishuka kwa jirani, tukaomba shina moja la mgomba lililokwisha kuvunwa, tukalipasua katikati, tukakaa chini. Haya ni maneno ya siku ile, pamoja na mengine tuliyoyasahau kusema.

Jina kwenye mti wa avoka

Tuanze na mti wa avoka ulio nyuma ya jiko la mama yule. Kijana wake wa kwanza alichonga jina lake pale kwa kisu alipokuwa bado primeri. Leo kijana ana bibi na watoto, mti umepita paa la nyumba, lakini jina liko palepale, kwa urefu wa kifua cha mtoto. Herufi zimepanuka na kunenepa, hazikupanda hata kidole kimoja.

Mtoto wa mtu akikua, mwili wote unarefuka: miguu, mikono, shingo. Mmea haufanyi hivyo. Mmea unakua kwenye mahali pachache tu. Unarefuka kwenye ncha: ncha ya shina, ncha ya kila tawi, ncha ya kila mzizi. Kile kilichokwisha kukomaa nyuma ya ncha hakirefuki tena. Miti kama avoka na kahawa inanenepa pia, na unene huo unatoka kwenye tabaka moja jembamba sana chini ya gome. Ndiyo maana jina lilipanuka na halikupanda.

Mahali hapo pa kukulia wataalamu wanapaita meristemu. Sisi tutasema kiini cha kukua. Ukikiua kiini, sehemu ile haitakua tena. Ukikiacha, hata ukikata kila kitu kingine, mmea utarudi. Kila mara tunapokamata panga, kisu au makasi, tunaamua jambo hilo, tukijua ao bila kujua.

Ngozi, nyama na mishipa

Mwili wa mmea umejengwa na vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seli. Seli zenye kazi moja zikikaa pamoja zinaitwa tishu. Ni kama katika koperative: kuna wanaopima kahawa, wanaoandika kitabu, wanaolinda depo. Kila kamati na kazi yake.

Kuna tishu za ngozi. Mwaga maji juu ya jani la kabichi ao la ndizi, utaona yanabiringika na kuanguka. Ni nta ya ngozi inayoyakataa. Ngozi inazuia maji ya ndani yasikauke na inazuia magonjwa yasiingie. Kidonda chochote kwenye ngozi ni mlango.

Kuna tishu za nyama, zile zinazojaza mwili. Kwenye jani nyama ni kijani, na hapo jua, maji na hewa vinageuzwa kuwa chakula cha mmea. Kwenye muhogo nyama ni nyeupe, imejaa unga, ni akiba.

Halafu kuna mishipa. Hii ndiyo tunataka muikumbuke, juu ugonjwa wa migomba unapita humo. Iko ya aina mbili, na inakwenda karibu karibu. Mishipa ya maji inapandisha maji na chumvi za udongo kutoka mizizi hadi majani. Ni seli zilizokufa, zikabaki matundu matupu yaliyoungana kama bomba. Mishipa ya chakula ni seli hai, na inasafirisha sukari iliyotengenezwa na majani kupeleka kwenye mizizi, kwenye matunda, kwenye kila mahali panapokua. Munapovuta kamba kwenye gamba la mgomba ili kufunga mzigo, munavuta nyuzi ngumu zinazokwenda pamoja na mishipa hiyo.

Viini vya kukua ndivyo vinavyozaa tishu hizi zote. Seli za kiini zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Zile zinazobaki nyuma zinajaa maji, zinavimba, zinarefuka, kisha kila moja inachukua kazi yake: ngozi, nyama ao mshipa. Ndiyo maana mmea uliokosa maji kwa siku nyingi unabaki mfupi. Seli ziligawanyika lakini hazikupata maji ya kujinyoosha.

Shina la mgomba si shina

Tulipopasua lile shina la jirani, watoto walikuja kuangalia. Ndani mulikuwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Kile tunachoita shina la mgomba ni mashina ya majani yaliyokumbatiana. Shina la kweli liko chini, ndani ya udongo, lile tunguu nene lenye mizizi. Na kiini cha kukua kimekaa juu ya tunguu hilo, katikati, karibu na usawa wa udongo, kimefunikwa na majani yote.

Hapo mama mmoja wa kikundi alicheka, akasema sasa anajua juu ya nini watoto wa mgomba wanamchokesha. Anawakata kwa panga juu ya udongo, na kesho yake asubuhi anakuta jani jipya limejiviringa na kutoka katikati ya kidonda. Ni kweli. Panga lilikata majani tu, kiini kilikuwa chini yake, salama. Kama unataka kupunguza watoto kwenye shamba zima, fukua udongo kidogo, kata chini kabisa, kisha ingiza chuma chenye ncha katikati ya tunguu la yule mtoto na ukizungushe mpaka kiini kivunjike. Kazi ya dakika moja, na hutarudi tena pale.

Kiini hicho kina tabia nyingine inayotuhusu. Kwa miezi mingi kinazaa majani, moja baada ya lingine, zaidi ya 30. Halafu siku moja kinageuka: kinaacha kuzaa majani, kinaanza kuzaa ua. Shina la kweli linapanda sasa ndani ya yale majani yaliyokumbatiana mpaka linatokea juu na mkungu wake. Kuanzia siku ile mgomba hautapata jani jipya hata moja. Majani uliyo nayo mkungu unapotoka ndiyo utakayolishia ndizi mpaka mwisho. Kwa hiyo yule anayekata majani mabichi ya mgomba wenye ua, eti apate ya kufunikia chungu ao ya kulishia mbuzi, anakata ndizi zake mwenyewe. Acha angalau majani 8 mazima kwenye mgomba unaotoa mkungu. Majani ya chungu chukua kwa mgomba uliokwisha kuvunwa.

Na kuna jambo la tatu, jibu la swali la mama. Mgomba uliokwisha kutoa mkungu, ukiukata kwenye udongo, wenyewe hauoti tena. Kiini chake kilikwisha kupanda juu na kugeuka ndizi. Wanaoota ni watoto, na kila mtoto ana kiini chake. Lakini mgomba ambao haujatoa mkungu, ukiukata juu kidogo ya udongo, utasukuma jani tena. Kata kwenye usawa wa udongo, na likijitokeza tena, kata tena.

Wilti inapita wapi

Mnyauko wa bakteria wa migomba, ule tunaouita wilti, na wanaosema Kinyarwanda wanauita kirabiranya, ulijulikana kwanza Etiopia, ambako uliandikwa mwaka wa 1968 kwenye mmea wa ensete, ndugu ya mgomba. Kwetu Congo ulionekana Masisi mwaka wa 2001, mwaka uleule ulipoonekana Uganda. Toka pale umetembea kilima kwa kilima.

Bakteria hiyo inaishi ndani ya mishipa ya mgomba. Inazaa humo, inaziba njia ya maji, na majani yananyauka wakati udongo umelowa. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, moja hapa moja pale, na ukipasua moja ndani ni ya rangi ya kutu. Ukikata shina na kungoja kidogo, utaona uji wa manjano unatoka kwenye matundu ya mishipa. Uji ule ni bakteria. Tone lake kwenye panga linatosha kupeleka ugonjwa kwa shina lingine.

Inaingia kwa milango miwili hasa. Mlango wa kwanza ni ua dume, ile chongo nyekundu inayoning'inia chini ya mkungu. Kila jani lake dogo linapoanguka linaacha kidonda kibichi chenye utamu, na nyuki na wadudu wengine wanatoka kidonda kwa kidonda. Bakteria ikiingia pale inashuka kwenye shina la mkungu, polepole, kuelekea tunguu. Mlango wa pili ni panga letu.

Sasa angalieni. Mgomba na watoto wake wameungana kwenye tunguu, lakini kila mmoja ana mizizi na mishipa yake. Bakteria ikishuka mpaka tunguu la mama, haiingii kwa watoto wote, na haiingii siku moja. Wengi wanaweza kubaki wazima kama shina gonjwa linaondolewa mapema, mbele bakteria haijafika mbali. Ndiyo maana jirani wa yule mama alifaulu. Hakuwa na dawa yoyote, na dawa ya kuponya mgomba ulioambukizwa haipo. Aliwahi tu.

Anafanya hivi. Kila juma anapita shamba lote. Akiona shina lenye dalili analikata kwenye udongo, hachimbui tunguu, hagusi mengine kwa panga lile. Tuliwahi kusema kuchimbua ndiko kunasafisha. Kumbe kuchimbua kunakata mizizi na watoto wazima, kunafungua milango mingine mia. Akimaliza shina moja, anachoma panga kwenye moto mpaka chuma hakishikiki kwa mkono. Wasio na moto karibu wanatumia maji ya Javel, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, na kuosha chuma kwanza, juu matope yanaua nguvu ya Javel. Ua dume analivunja kwa mti wenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea. Hatumii panga hapo hata kama ni jepesi zaidi. Na mbuzi wake wamefungwa.

Lakini musidanganyike. Mwaka wa kwanza aliendelea kuona mashina mapya yanaugua, juu bakteria ilikuwa imekwisha kuingia kwa baadhi ya watoto mbele hajaanza. Alikata na kukata. Alituambia kuna juma moja alikata mashina tisa na akataka kuacha. Pia yule aliye juu yake kwenye mteremko asipofanya kazi hii, nyuki hawajui mpaka wa shamba.

Mahindi, maharagwe na kuku

Mmea wa mahindi ni karibu na mgomba kwa tabia hii. Mahindi yakiwa bado na majani matano hivi, kiini chake kiko chini ya udongo. Mvua ya mawe ikipasua majani yote, watu wanakimbilia kupanda upya. Ngojeni siku chache. Chimbua mmea mmoja, pasua sehemu ya chini kwa kisu: kama kiini ni cheupe na kigumu, mahindi yatarudi. Yakipita majani sita hivi, kiini kinapanda juu ya udongo, na hapo mambo ni mengine. Vilevile na viwavi wanaokula ndani ya kikombe cha majani: majani yenye matundu yanatisha macho, lakini mmea unapotea kweli wakati kiwavi amefika kwenye kiini.

Maharagwe ni kinyume. Yanatoka udongoni yakibeba kiini juu, katikati ya zile nusu mbili za mbegu. Kuku akidonoa juu ya zile nusu mbili, yako macho madogo pembeni yanayoweza kuota. Akidonoa chini yake, hakuna kitu kilichobaki cha kukua. Usingoje, panda tena.

Kahawa, avoka na tabaka lililo chini ya gome

Mgomba, mahindi na mchikichi havina lile tabaka la kunenepesha. Avoka, kahawa, embe na kinkina vinalo. Linaitwa kambiamu. Chuna gome la tawi bichi la avoka, utagusa kitu kilicholowa na kuteleza kati ya gome na mti: ni hapo. Upande wa ndani kambiamu inazaa mishipa ya maji, ambayo ikizeeka inakuwa mbao. Upande wa nje inazaa mishipa ya chakula, ambayo inakaa ndani ya gome.

Kwa hiyo mtu anayefunga mbuzi kwenye mti wa avoka kwa waya anaua mti bila kujua. Mti unanenepa, waya haupanuki. Mishipa ya chakula inabanwa, na utaona shina linavimba juu ya waya kama mguu wenye jipu. Majani bado ni mazuri, juu maji yanapanda ndani ya mbao. Lakini mizizi inakaa na njaa, na mwaka mmoja ao miwili baadaye mti unakauka, watu wanasema ni mchawi. Ni vilevile kwa wanaochuna gome la dawa msituni. Ukizungusha kisu kwenye shina lote, mti umekufa siku ile, ijapokuwa utasimama bado muda. Ukichuna kipande upande mmoja na kuacha gome pande zingine, kambiamu iliyobaki inaweza kufunika kidonda kidogo kidogo.

Ni kambiamu hiyo pia inayowezesha kupandikiza avoka. Kijiti cha avoka nzuri na mche wa chini vinashikana kama kambiamu ya mmoja inagusa kambiamu ya mwingine, angalau upande mmoja. Wanaoshindwa kwenye pepinieri mara nyingi wanaweka kijiti chembamba katikati ya mche mnene, mbao kwa mbao, kisha wanalaumu kamba. Sogeza kijiti pembeni, gome lake likutane na gome la mche. Na tusiulizwe tena kama mgomba unaweza kupandikizwa namna hiyo.

Kahawa inastahili maneno zaidi, juu wengi wetu tuna mashamba ya wazee yenye miti mirefu na kahawa ncha tu. Mti wa kahawa una matawi ya aina mbili. Kuna shina linalosimama wima, na kuna matawi yanayolala pembeni, ambayo ndiyo yanayobeba matunda. Kwenye kila pembe ya jani la shina wima kuna macho kadhaa. Jicho moja tu linaweza kuzaa tawi la pembeni, na linafanya hivyo mara moja. Ukilikata tawi lile kwenye shina, pale hapatatoka lingine la pembeni kamwe. Macho yaliyobaki yanazaa machipukizi ya kusimama wima. Ndiyo maana kahawa ya zamani iko uchi chini na matunda yanazidi kukimbia juu, na hakuna mbolea itakayorudisha matawi yale.

Lakini macho yale mengine yamelala kwenye shina miaka na miaka, yanangoja. Baada ya mavuno, kata mti mzee kwa msumeno, kati ya sentimita 30 na 40 juu ya udongo, kidonda kiwe cha kuinama ili maji ya mvua yasitulie. Afadhali uache tawi ao shina moja dogo lenye majani liendelee kulisha mizizi kwa miezi ya kwanza. Macho yaliyolala yataamka, kumi, kumi na tano. Chagua mawili ao matatu yenye nguvu, yaliyotoka chini na pande tofauti, ondoa mengine yote. Matunda ya maana yatarudi baada ya miaka miwili hivi. Tunajua miaka miwili ni mirefu kwa mwenye watoto shuleni. Kwa hiyo usikate shamba zima. Kata mstari mmoja katika kila mistari mitatu ao minne, mwaka ujao mstari mwingine, na panda maharagwe kwenye nafasi yenye jua.

Ncha ya mzizi pia ina kiini, kimevaa kofia ya kupenyeza udongo. Mukipandisha miche ya kahawa, angalieni mzizi mkubwa usikunjwe ndani ya shimo. Ukikunjwa unakua ukielekea juu, na mti utanyauka siku utakapobeba matunda yake ya kwanza. Mzizi mrefu kuliko shimo ni heri kuukata kidogo kwa kisu safi kuliko kuukunja.

Muhogo hauna macho

Swali la mwisho siku ile lilitoka kwa mzee mmoja: juu ya nini tunapanda viazi vya kizungu kwa kiazi chenyewe, na muhogo kwa mti? Jibu liko kwenye macho. Kiazi cha kizungu ni shina lililonenepa chini ya udongo, na macho yake munayaona. Muhogo tunaokula ni mzizi, hauna jicho hata moja, ukiufukia utaoza. Macho yako kwenye mti wake. Kata vipande vya sentimita 20 ao 25 vyenye macho matano hadi saba, na macho yaangalie juu unapopanda. Lakini mti uliotoka kwa muhogo wenye mozaiki unabeba mozaiki ndani ya mishipa yake, hata kama kwa macho ni mzima. Chagua mbegu wakati majani bado yako juu ya mmea, siyo baada ya kuyatoa.

Jua lilipokaribia kuzama tulirudi kwa mama yule. Alitaka kupanda migomba tena, na aliuliza kama achukue watoto kwa jirani. Ilitubidi kukataa, na jirani alikuwa amesimama pale. Shamba lake linapona, lakini mtoto anayeonekana mzima anaweza kuwa na bakteria kwenye mishipa yake na kuuonyesha ugonjwa miezi baadaye. Watoto watoke kilima ambacho hakijaona wilti. Kilima hicho kiko mbali, na kubeba kuna gharama. Kamati ya koperative itaongea jambo hilo kwenye mkutano wake ujao, pamoja na wazo la kutenga kipande cha shamba la pamoja kwa kuzalisha watoto safi. Tutawaandikia walichoamua.

Tulipoondoka, mama alikuwa ameweka panga lake juu ya makaa jikoni, ijapokuwa hana mgomba hata mmoja. Jirani alikuwa ameona shina lingine lenye majani ya manjano, na alikuwa amemwomba mkono.